Nyumba Niliyoiita Jiko

Nilikuwa prezida wa komite ya usafi kijijini kwetu, kwenye barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Si kwa kusoma. Niliishia darasa la tatu. Walinichagua kwa kuwa nina mdomo, na watu wananiogopa.

Watu wa zone ya afya walituambia: kabla ya mvua, kila nyumba iwe na choo chenye kifuniko. Tukitimiza, tutatangazwa kijiji safi na kuwekewa kibao barabarani. Wao nao walikuwa na hesabu yao ya vijiji vya kutimiza, na wakubwa wao waliwasukuma. Wakatusukuma sisi. Mimi nikasukuma watu.

Ikabaki nyumba moja, ya mjane mwenzangu. Tuliolewa kijiji hiki msimu mmoja, tukalowesha mihogo kijito kimoja mpaka tukazeeka. Nyuma ya nyumba yake ni mawe matupu. Alinijia mara mbili, akiniita yaya, dada yake mkubwa, kama siku zote.

"Yaya, unipatie vijana wawili na sururu. Siku moja tu."

Nikamjibu kwamba vijana wanamaliza kwanza nyumba za barabarani, zile wageni wataona wakishuka kwenye pikipiki. Ndivyo nilivyosema.

Siku ya kuhesabiwa alikuwa shambani. Mtu wa zone akasimama na daftari mbele ya mlango wake.

"Na hii, choo iko wapi?"

Kapita wetu, mkuu wa kijiji, akatazama viatu vyake. Mimi nikasema, "Hiyo si nyumba. Ni jiko yangu."

Mlango ulikuwa wazi na kitanda kilionekana. Alikiona, nami niliona kwamba amekiona. Akaandika jiko. Naye alitaka kumaliza kazi yake. Kibao kikasimikwa, tukacheza ngoma, na mwenzangu akacheza pamoja nasi, hajui kitu.

Mvua zilipoanza vikaja vyandarua, vikigawiwa kwa daftari lile lile. Muganga wa kituo cha afya aliita nyumba moja moja mpaka mwisho.

"Na mimi?" mwenzangu akauliza.

"Mama, pale kwako, kwa liste, iko jiko ya mama prezida."

Mtu mmoja akapiga kelele, "Basi mumupe sufuria!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia tu.

Nikasimama mbele ya wote nikasema nilidanganya. Muganga akasema liste imetoka zone, yeye hana uwezo wa kuibadilisha.

Nikampelekea chandarua changu. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Mama prezida," akasema. Tangu tujuane hakuwahi kuniita hivyo. "Nani anafunga mustikere mu jiko? Si itaungua na moto?"

Nikacheka kidogo, nikidhani ananitania. Nikakiacha juu ya kiti. Asubuhi nilikikuta mlangoni kwangu, kimekunjwa vizuri.

Mvua ile, homa ilimlaza mara mbili. Alipopona nilileta vijana na sururu, sikungoja tena aniombe. Walianza alfajiri, adhuhuri shimo lilikuwa tayari. Hata siku nzima haikufika. Akawapikia wali na sombe ya majani ya mihogo, akawatania kwamba wanachimba kama wachimba dhahabu wa Salamabila. Mimi nilisimama pembeni, hakuna aliyenipa kiti.

Choo anakitumia. Nikipita namsalimu, naye anaitika vile anavyowaitikia watu wa zone: kwa adabu.