Taa za Kijani za Munisagara

Juzi umeme ulikatika hapa Mikumi, kimulimuli akaingia sebuleni. Mwanangu alikimbilia glasi ili amfunike, nami nikaikumbuka jioni moja ya utotoni kwetu Munisagara.

Babu yangu alifanya kazi stesheni. Treni ilipokaribia, alinyanyua taa ya kijani kuipa njia. Kando ya reli waliwaka vimulimuli, kijani vilevile, nami nikaamini kabisa kuwa ni wasaidizi wake, wanapokezana ruhusa mpaka huko milimani.

Jioni hiyo tulikuwa tunamsubiri mama, aliyekuwa amelazwa Morogoro. Hewa ilinukia grisi na majani yaliyofyekwa. Nilipochoka kungoja, niliwakamata vimulimuli nikawajaza kwenye chupa. Giza likaingia, treni kimya.

"Leo imechelewa kweli," bibi alisema, akijifunga upya kanga yake.

Niliitazama chupa yangu. Nilirudi kando ya reli, nikafungua chupa, nikawamwaga wote majanini.

"Ipisheni! Mama yumo!"

Vyura walinyamaza kwanza, ndipo reli ikaanza kuvuma.

Mama alishuka amekonda. Nilimweleza yote hata kabla ya shikamoo. Hakucheka.

"Ahsante kwa kunipa njia," alisema.

Siku hizi najua kuwa vimulimuli huwaka ili kuitana wao kwa wao. Lakini juzi, kabla sijafungua mdomo, mama alisema kutoka kitini kwake gizani:

"Mwachie, mjukuu wangu. Huenda kuna mtu yuko njiani."