Aliyenichagulia Vitabu vya Mwisho wa Dunia

Mtu aliyenichagulia vitabu kwa miaka minne hakuwahi kusoma hata kimoja. Nalisema mapema ili msije mkampenda kama nilivyompenda mimi. Sisemi mapenzi ya kuvunja ndoa. Nasema yale ya kupita dukani kwa mtu wakati chumvi bado unayo nyumbani, ukasimama tu, kwa sababu hapo unaeleweka.

Ana maduka mawili, moja Kasulu mjini na jingine Kibondo. Jumatatu mpaka Jumatano yuko Kibondo, siku zilizobaki yuko kwetu. Anauza madaftari, sabuni, sukari ya kupima, na nyuma ya mzani ana rafu ya vitabu vya mitumba. Baba yake alitoka pwani, na Kiswahili kinamtoka bila kukwama popote. Huku kwetu Kiswahili tulikipata shuleni na sokoni. Nyumbani ni Kiha, na sisi tuliozaliwa katika kambi za wakimbizi wa Burundi ni Kirundi. Basi mtu akikisema kwa ufasaha, tunaamini papo hapo kwamba amesoma sana. Ni kosa letu la siku zote. Walanguzi wa maharage wanalijua na kila msimu wanatuletea kijana mwenye maneno matamu.

Mimi ni fundi cherehani. Nasoma nikisubiri wateja, nasoma mboga ikichemka, na mume wangu husema hata karatasi ya dawa ya mbegu siiachi mpaka niimalize. Nilikuwa nimezichoka hadithi za wachumba walioachana, nikamwambia bwana wa duka anitafutie kitu kingine. Akanitolea riwaya yenye jalada lililochanika, habari ya nchi ambayo maji yamefungiwa nyuma ya ukuta na watu wanaishi kwa kadi za mgao.

"Dada, hiki usikisome kama habari ya kesho," akasema. "Kisome kama barua ya mtu aliyechelewa kukuonya."

Nilikimaliza kwa siku mbili, na katika siku hizo nikashona sare ya mtoto wa watu mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Tangu hapo akawa ananilisha. Kikaja cha bibi anayetembea na mbuzi wake baada ya ugonjwa kumaliza mji. Kikaja cha watu walionyang'anywa majina wakapewa namba. Kila kitabu kilikuja na neno lake. "Mwandishi huyu anaogopa upweke kuliko njaa," angeniambia, nami ningeenda nyumbani nikiwaza, kumbe Kasulu hii kuna mtu anasoma hivi!

Nami nilimletea majibu. Nilizaliwa Mtabila, kambi ya wakimbizi iliyokuwa karibu na hapa mpaka ilipofungwa, na nilimwambia waandishi wa mwisho wa dunia hawajui foleni. Kwao dunia ikiisha asubuhi, mchana watu wanauana kwa kopo la maharage. Yetu ilipoisha tulipanga foleni. Pale bombani ndoo ndizo zilizopanga foleni badala yetu, na mwenye ndoo akienda kusukwa nywele, hakuna aliyethubutu kuisogeza. Watu walioana. Kwaya zilishindana, na yetu ilishindwa kwa hila, nalisema mpaka leo. Alinisikiliza huku akipima sukari. "Ehee, dada, endelea."

Ndipo kikaja kile cha lori. Hiki hakikuja na neno lolote, alisema tu, "Kijaribu." Ndani yake watu wanahamishwa, msichana mmoja anajificha, lori la mwisho linaondoka, naye anatoka mafichoni akicheka kwa kuwa sasa yuko huru. Nilikirudisha kwa hasira. Nikamwambia mwandishi ni mwongo. Akaniuliza nimejuaje. Duka lilikuwa tupu, mvua inapiga bati. Nikamwambia.

Nilimwambia jambo ambalo mume wangu hakulijua, wala wakwe zangu. Wao walijua mama aliniacha kwa familia moja ya kijiji cha Titye kwa mapatano, nimalize shule. Ukweli ni kwamba siku yetu ya kurudishwa Burundi nilikimbia nikajilaza katika shamba la mihogo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nchi ile sikuwahi kuiona. Mama alikuwa amekwisha kupanda lori na wadogo zangu. Akasimama juu kule, akaniita mara tatu. Nilisikia zote tatu. Sikuitika. Lori likaenda, na mama alifia huko kabla sijapata nauli wala ujasiri wa kumfuata.

"Anayejificha hacheki," nikamwambia. "Analala kifudifudi, mdomo umejaa udongo."

Siku hiyo hakuwa na neno zuri. Aliweka mkono juu ya mzani akasema, "Hii imefia hapa hapa, dada." Nilitembea mpaka nyumbani katika mvua ile, na moyo ulikuwa mwepesi.

Mwezi uliopita nilipeleka Kibondo sare nilizoshonea shule moja ya huko. Ilikuwa Jumanne, nikasema nipite dukani kwake nimshtukize. Mlangoni nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akichagua sabuni. Ndani, kwenye kiti cha wateja, alikaa mzee mwenye miwani ambaye bwana wa duka alimwita mwalimu. Mzee alikuwa anarudisha kitabu.

"Huyu mwandishi," akasema taratibu, "shida yake si njaa. Anaona aibu kuwa mzima wakati wenzake wamekufa."

Bwana wa duka akachana kipande cha karatasi ya kufungia sukari, akaandika.

Neno hilo ningeletewa Ijumaa. Barua ya mtu aliyechelewa kukuonya, upweke kuliko njaa, yote yalikuwa ya mzee huyu. Miaka minne nilikuwa nazungumza naye, na yule niliyemwamini alikuwa mchukuzi tu wa mizigo kati ya Kibondo na Kasulu. Niliona uchungu, na nakiri nilitaka pia kucheka. Kama yangeishia hapo, ningemsamehe nikamtania mpaka azeeke.

Akageuka, akashusha kile cha lori.

"Sasa mwalimu, hiki ndicho cha kukupa. Nina mteja wangu Kasulu, fundi cherehani, mtoto wa Mtabila, yaliyomo humu yamemkuta mwenyewe. Alijificha kwenye mihogo, mama yake anamwita toka kwenye lori. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu, binti akaitika! Mama akaruka chini, wakakumbatiana pale pale vumbini, lori zima likalia."

"Mungu ni mkubwa," akasema mama wa sabuni.

Sikumbuki kama nilisogea au yeye ndiye aliyeinua macho. Nilidhani atatafuta pa kujificha. Alifurahi! "Dada, karibu, karibu! Mwalimu, mwenyewe ndiye huyu hapa." Kisha akainama akaninong'oneza, kama mtu aliyenifanyia hisani: "Nimekutengenezea mwisho. Nani atachukua kitabu ambacho mama anaondoka?"

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na tunasema kirahisi. Mimi nguo nazishona, na sikumwona.

Mzee aliinuka, akapiga makofi yale ya kwetu ya kumsalimu mtu kwa heshima. Nikamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, nimefurahi sana kwamba mama alishuka."

Huyu ndiye msomaji mwenzangu niliyemtafuta maisha yangu yote, na neno la kwanza baina yetu lilikuwa la uongo. Ningeweza kuliacha. Lilikuwa zuri, na dukani wote walikuwa wanatabasamu.

"Hakushuka, mwalimu," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Aliita mara tatu, sikuitika, akaenda. Hatukuonana tena."

Mikono ya mzee ilisimama hewani. Bwana wa duka akatazama mzani, akatazama wateja, akanisogelea uso umekunjamana.

"Dada," akasema, "mambo mengine si ya kusema mbele za watu."

Nilipanda basi la saa nane. Njia nzima nilijua kwamba habari yangu, ile nzuri yenye kukumbatiana, ilikuwa imekwisha kupita barabara hii mara nyingi, na siku moja ingeshuka nyumbani kwangu. Mume wangu nilimkuta uani anapepeta maharage. Nikaketi chini karibu na ungo, nikamsimulia mwenyewe, na nilipofika kwenye lori sikumshusha mama.