Pikipiki Nyekundu ya Kendwa

Mume wangu ni fundi wa viyoyozi, na kazi zake nyingi ziko kwenye hoteli za pwani ya Kendwa, mbali na mjini. Huko ndiko alikoiona pikipiki. Siku hiyo alirudi nyumbani, chakula hakukigusa, nikadhani anaumwa. Kumbe meneja wa hoteli moja, Mzungu aliyekuwa anajiandaa kurudi kwao, alikuwa anauza pikipiki yake ya mashindano, nyekundu, iliyoundwa Italia katika kiwanda kidogo ambacho mimi sikuwahi kukisikia. Na yeye pia hakuwahi kukisikia mpaka asubuhi ile. Jioni alikuwa anakizungumzia kama nyumba ya mjomba wake.

Ili aipate, ilibidi skuta yetu iuzwe. Hapo ndipo tulipokosana, na naomba nieleweke kuhusu hiyo skuta. Tunaishi Kikwajuni, nyumbani kwa mama mkwe, pamoja na mawifi zangu wawili na watoto wao. Ni watu wema, sina la kuwasema. Lakini ndani ya nyumba ile hakuna neno utakalomwambia mumeo likafika sikioni kwake peke yake. Nikikohoa chumbani, wifi ananiuliza kutoka jikoni kama nimelamba asali. Kwa hiyo mimi na mume wangu huzungumza juu ya skuta, asubuhi, anaponipeleka Malindi kwenye duka langu la kushona. Safari yenyewe ningeweza kuimaliza kwa miguu bila kutoka jasho. Sisi huzunguka Mnazi Mmoja, tukapita Shangani, tukaifuata pwani, mimi nimekaa upande, baibui nimelikusanya mapajani, mkono mmoja kiunoni kwake. Juu ya skuta ile ndipo nilipomwambia kwamba mimba imetoka. Juu ya skuta ile ndipo aliponiambia kuwa anaogopa hoteli zitamwachisha kazi. Akishaniteremsha hugeuza kwenda Kendwa, akiwa amechelewa.

Kitu hicho ndicho alichotaka kukiuza.

Lakini wanaume wanaokaa kwenye baraza letu, nje ya mlango, hawakushughulishwa na skuta. Walishughulishwa na kiwanda. Mume wangu alikuwa ameona kwenye simu kwamba kiwanda chenyewe ni tia maji tia maji, leo kimefunga milango, kesho kuna tajiri anakitaka, keshokutwa tajiri ameghairi. Basi kila siku baada ya Alasiri, vikombe vya kahawa mkononi, watu wazima waliokaa Kikwajuni maisha yao yote wanajadili hatima ya kiwanda cha Italia. Mzee mmoja, karani mstaafu wa forodha, alisema kiwanda kikifa ndiyo vizuri zaidi, kwa sababu pikipiki itakuwa adimu na mwenye nayo atatafutwa. Muuza spea wa Darajani akamkatalia katakata.

"Tairi n'takutafutia, cheni n'takutafutia," alimwambia mume wangu. "Lakini kile kikompyuta chake kikizima utampelekea nani? Utaifunika kanga uiweke ukumbini, watoto wacheze nayo."

Wakagawanyika makundi mawili kama kwenye mpira. Siku moja napita na mfuko wangu wa vitambaa, nikawasalimia, karani mstaafu akaniuliza kwa heshima zote.

"Na wewe bibie, unaonaje? Kiwanda kitasimama?"

Nilikuwa nimechoka na jua la mchana lote lilikuwa kichwani mwangu. Nikamjibu, "Mzee wangu, mimi nnashonea cherahani ya bibi yangu. Kiwanda chake kilikufa kabla sijazaliwa, na bado inashona."

Nilikusudia kuwaambia kwamba wanapoteza wakati. Wao wakalichukua neno langu likawa hoja ya kuinunua. Mume wangu akainua kikombe. "Mmesikia? Hata mwenyewe anasema." Niliingia ndani nikaubamiza mlango mpaka mama mkwe akauliza ni upepo gani huo.

Ikafika hadi akasali istikhara, amwombe Mungu amwonyeshe la kufanya, kwa ajili ya pikipiki. Asubuhi nikamuuliza ameonyeshwa nini. Akasema hakuota kitu. Nikamwambia basi hilo ndilo jibu. Akasema hapana, maana yake hakuna kizuizi. Mtu wa namna hii utamfanya nini?

Jumapili akanichukua Kendwa nikaione. Ilikuwa imesimamishwa chini ya kibanda cha makuti, na sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Nyekundu ya kung'aa, imeinama mbele kama paka anayenyemelea. Mume wangu alichutama ubavuni mwake akaanza kunieleza breki. Mimi nikazunguka nyuma. Kiti cha dereva kilikuwepo. Baada ya kiti cha dereva kulikuwa na kipande cha sponji ukubwa wa kisahani cha chai, kimeinuliwa juu kabisa, na chini yake mabomba ya moshi.

Meneja alinitazama, akakitazama kile kisponji, akalitazama baibui langu, kisha akajifanya kuna kitu cha kuangalia baharini. Yule mgeni alikuwa ameelewa. Aliyenioa alikuwa bado kwenye breki.

"Na mimi n'takaa wapi?" nikamuuliza.

"Si hapo nyuma."

"Hapo nyuma hapakai mtu upande."

"Utakaa kama wanavyokaa wao. Mguu huku, mguu huku."

"Na baibui?"

Akakuna kichwa. "Utazoea."

Utazoea! Miezi miwili ya kahawa, wamekipima kiwanda, wamewapima Waitaliano, wamepima hewa ya chumvi na matuta ya barabara ya Mahonda, na hakuna hata mmoja, na yeye akiwemo, aliyenipima mimi. Tulirudi mjini bila kusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa nyuma yake na kunyamaza, na iliniuma kuliko ugomvi.

Baada ya hapo hakulitaja tena. Nilingoja aniambie ameamua nini, hakuniambia. Nilikuja kuyasikia dirishani, anawaambia wenzake barazani, "Nshaiacha. Kiwanda chenyewe hakieleweki." Muuza spea akajisifu mpaka Magharibi. Na mimi, badala ya kufurahi, nilikasirika upya. Skuta ilikuwa imebaki, lakini kwa sababu ya kiwanda. Kama Waitaliano wangekuwa na hesabu nzuri, mimi ningekuwa natembea kwa miguu.

Halafu kiwanda kikapona. Alipatikana tajiri, akakinunua, milango ikafunguliwa. Siku habari ilipofika, baraza lilichangamka kama limepata mjukuu. Na pikipiki ilikuwa haijauzwa bado, imefunikwa turubai palepale hotelini. Nilimsikia karani mstaafu akimwambia mume wangu kwamba sasa hana kisingizio, kesho aende akaichukue. Sikusikia alivyojibu. Usiku alikula, akaniuliza kama chumvi imekwisha, akalala.

Asubuhi nilipanda nimekaza uso. Nilimwacha mpaka tulipofika Shangani, nikasogea sikioni kwake.

"Nasikia kiwanda kimepona."

"Na mimi nimesikia."

"Na pikipiki bado ipo."

"Ipo."

"Basi?"

Akapunguza mwendo. "Basi shika vizuri, pana shimo."

Nikashika. Nilingoja aseme jengine, maana ningependa japo mara moja mtu huyu anitamkie uamuzi wake kwa mdomo wake. Tulipofika Malindi, mteja wangu wa gauni la harusi alikuwa ameshakaa kizingitini ananisubiri, akainuka aliponiona. Mume wangu hakusimama. Alimpita, akakata Darajani, akarudi tena Mnazi Mmoja, tukaanza upya mzunguko wetu.