Niliificha Homa ya Mgunda, Sasa Bibi wa Watu Anaitwa Mchawi

Admin, jina langu lifiche, dada yangu yumo humu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na moja, nafuga ng'ombe Marui na nina bucha Sofu.

Ng'ombe wangu mmoja aliharibu mimba, akaanza kukojoa mkojo mwekundu. Daktari wa mifugo akaja, akamtoa damu. Akasema, "Baba, huyu asichinjwe mpaka majibu yatoke. Ukimchinja unavunja sheria. Nahisi ni homa ya mgunda, mkojo wake ukigusa kidonda unaumwa na wewe."

Nikamcheka. "Daktari, huku Uzaramoni mgunda maana yake shamba. Mimi nafuga, aogope mwenye jembe."

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa pale. Akadakia, "Basi shemeji, mimi mkulima ningekuwa nimeshazikwa zamani." Tukacheka sana.

Daktari alipoondoka nikaona ng'ombe atanifia bure. Nikamwomba shemeji tumchinje. Alichuna kwa mikono mitupu, imepasuka kwa jembe. Nyama nikaipeleka bucha bila kukaguliwa.

Baada ya kama wiki shemeji akashikwa na homa, misuli ya miguu ikamuuma hata kusimama hawezi, macho yakawa manjano. Hospitali nilimpeleka mimi. Waliniuliza mimi, kwa sababu yeye kusema alikuwa hawezi tena: "Amegusa mnyama mgonjwa?" Nikawaza bucha, nikawaza polisi. Nikasema hapana.

Alifariki. Labda wangejua mapema angepona, sijui. Hilo ndilo linanikosesha usingizi.

Kibaya zaidi, dada anasema mama mkwe wake kamla mwanawe, kwa kuwa ndiye aliyempikia uji siku alipoanza kuumwa. Wajukuu amewakataza kukanyaga kwa bibi yao. Mimi ananiita baba yake wa pili, eti nilihangaika na mumewe mpaka mwisho.

Juzi nimempitia yule bibi. Amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Baba, na wewe unaamini nimemuua mwanangu?"

Nikamwambia, "Siamini, mama." Akanishukuru, akaniletea uji.

Nikisema ukweli nampoteza dada, na sheria itanikuta. Nikinyamaza, bibi atakufa na jina la uchawi. Ndugu zangu nishaurini, nianze kwa nani? Ule uji niliunywa wote.