Jirani Yangu Amefungwa kwa Ajili ya Mkokoteni Wetu

(Mwenye kisa hiki ameomba asijulikane. Majina yote tumeyabadili.)

Wasomaji wa ukurasa huu, salamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu kama miaka ishirini na minane. Nilizaliwa juu milimani, Uluguru, nikasoma kidogo kwa mapadri, ndiyo maana naweza kuwaandikia mwenyewe. Reli ilipofika Morogoro mume wangu akasema tushuke mjini, maharage tutalima mpaka lini. Akapata mkokoteni, akawa anabeba mizigo ya watu kutoka stesheni hadi madukani. Tumepanga chumba nyuma ya soko, kwenye kichochoro chembamba ambacho watu wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima aingie mlangoni mwa mtu ampishe mwenzake.

Kiangazi kilichopita nyumba moja ya kichochoro chetu iliungua. Watu waliokuja na ndoo walikwama kwenye mikokoteni iliyoachwa milangoni, paa likaanguka wakitazama. Ndipo Akida, mkubwa wa serikali hapa mjini, akapiga mbiu: marufuku mkokoteni kusimama vichochoroni wanamoishi watu, yote ipelekwe uwanjani karibu na stesheni. Sisemi amri ile ni mbaya. Lakini uwanjani hakuna mlinzi. Unaacha mkokoteni mzima, asubuhi unaukuta hauna gurudumu. Basi wenye mikokoteni wakawa wanairudisha nyumbani kwa kificho, na mume wangu akiwa mmoja wao.

Akakamatwa. Alilazwa chini bomani mbele ya watu, akapigwa kiboko hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano. Nilimkanda mgongo kwa maji ya chumvi huku ameng'ata nguo ili watoto wasimsikie. Akida alimwambia, "Tukikukuta tena, ni mnyororo wa shingo pamoja na wafungwa wengine, na mkokoteni hutauona." Tangu hapo aliuacha uwanjani bila kubisha, na mgongo wake mpaka leo haujapona vizuri.

Sasa sikieni yaliyonipata. Mchana mmoja alirudi na mkokoteni, anatetemeka kwa homa, akaanguka mlangoni petu. Nafikiri hata hakujua miguu inampeleka wapi. Nilipomlaza kitandani alisema neno moja tu: "Uondoe." Nikamfunga mtoto mgongoni, nikashika mikono ya mkokoteni, nikaanza kuuvuta. Mbele ya nyumba ya Mzee Kibwana, msokota kamba tunayepakana naye ukuta, njia inateremka. Gurudumu likatumbukia mtaroni. Nikavuta, nikasukuma, wapi! Nikiwa hapo nimelowa jasho, nikasikia viatu vya askari. Walikuwa wawili, na Akida nyuma yao.

"Mkokoteni wa nani huu?"

Nikaiachia mikono ya mkokoteni, nikamshika mtoto mgongoni. Mzee Kibwana alikuwa amekaa kizingitini na kamba zake. Akainuka taratibu.

"Wangu, Bwana. Huyu mwanangu ananisaidia tu kuutoa."

"Wewe mzee una mkokoteni tangu lini?"

"Nimeupata juzi, wa kubebea katani yangu."

Akida alinitazama mimi, kisha akautazama mkokoteni kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Halafu wakamchukua mzee, na mkokoteni wakauvuta.

Shauri lake halijasikilizwa kwa sababu Bwana Mkubwa, yule Mzungu anayehukumu bomani, yuko safarini upande wa Kilosa. Mzee analazwa bomani, mchana anakata majani na vijana wa mnyororo. Mkewe, Bi Tatu, alinijia siku ya pili yake.

"Bi Tatu, shikamoo."

"Shikamoo yako sitaki, namtaka mume wangu. Hakuniuliza mimi alipofungua mdomo wake. Mtu wa umri ule akilazwa akapigwa, hainuki tena. Nenda ukaseme, Mama Anna."

Nilienda. Mungu shahidi yangu, nilienda na bakuli la ugali ili nipate kuingia. Mzee alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umekuja kusema?"

"Ndiyo, baba."

"Ukisema watamfunga mumeo na homa yake, halafu watanipiga mimi kwa kumdanganya Akida. Utakuwa umemwokoa nani? Rudi kwa watoto."

Alimega tonge, akalirudisha bakulini bila kulila. Nilijua kuwa na yeye anaogopa. Nikarudi bila kusema.

Mume wangu nilimdanganya kuwa mkokoteni uko uwanjani. Homa ilipopungua, Bi Tatu akamwambia yote akiwa upande wa pili wa ukuta. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana Mkubwa akirudi nitakwenda mwenyewe. Siwezi kulala hapa mzee wa watu akapigwa kwa kosa langu." Ndugu zangu, ndoo ya maji hawezi kuiinua. Wanasema kwenye mnyororo mgonjwa hapumzishwi, anaburutwa na wenzake.

Jana watu waliotoka Kilosa wamesema Bwana ameshaanza kurudi. Tarumbeta ya bomani ikilia nakimbilia mlangoni kusikiliza kama ni yeye. Askari akipita sokoni natupa nilichoshika naingia ndani. Namwogopa Akida asije akakumbuka kuwa mkokoteni ule ni wa mume wangu. Namwogopa mume wangu anapoomba nimpe shati lake la kwendea bomani. Nikikaa kimya, damu ya mzee iko juu yangu. Nikimwacha mume wangu aende, watoto hawana baba, na mzee bado hajanusurika. Nimefikiri kwenda mimi niseme ni mimi niliyeuvuta pale, lakini mtoto mdogo bado ananyonya, nami sijui mwanamke wanamfanya nini.

Bi Tatu anapita mlangoni kwangu kila asubuhi na chakula cha mumewe, hageuzi shingo. Nishaurini, wenzangu, kabla Bwana hajafika. Nimfungie mlango mume wangu, au nimpe hilo shati? Nifanye nini?