Mtoto Mwenye Nyumba Yake

Kaberia, fundi wa kuchomelea, alisema siku nitakayoidakia timu ya taifa ya vijana atakula jani la mgomba mbele ya Kangeta nzima. Kinyozi akasema nitarudishwa kabla nywele alizoninyoa hazijaota. Mwalimu wangu wa hesabu, ambaye hakupenda mzaha, alisema tu kwamba kwetu hakujawahi kutoka mtu. Leo nina diploma ya ukufunzi wa soka niliyoisomea ng'ambo. Nimeitundika sebuleni, katika nyumba ya mawe niliyoijenga mwenyewe, mkabala kabisa na kiti cha wageni, ili asiwepo wa kusema hakuiona. Lakini mvua ikinyesha asubuhi na upepo ukaniletea harufu ya majani ya migomba yaliyoloa, yale wanayofungia miraa sokoni, diploma hupoteza nguvu. Ninarudi kuwa na miaka kumi na mitano, nimesimama katika ua wa baba, nikingoja neno moja litoke kinywani mwake.

Acha nikueleze kwanza habari za timu ile, maana usipoijua hutaielewa hofu yetu. Rekodi yake watu waliizungumza kwa sauti ya matanga. Ugenini haikuwa imeshinda tangu tuanze kusikiliza redio. Nyumbani ilishinda kwa nadra, na ule ushindi wake mkubwa kuliko wote, uliowafanya watu sokoni warushe kofia juu, ulifutwa ilipobainika kwamba beki wake wa kati alikuwa na mke na watoto. Tangu hapo wakubwa wa timu wakawa watu wa kuogopa hata vivuli vyao. Mchezaji akichaguliwa, alifuatwa mpaka nyumbani na wazazi wakahojiwa mbele ya majirani, kwa sababu vyeti vya kuzaliwa wachache walikuwa navyo, na wengi wa hao walikuwa wamevinunua. Golikipa aliyenitangulia, kijana wa Kibugu kule Embu, walimfuata hivyo hivyo. Sijui waliona nini. Nilichosikia ni kwamba kesho yake alionekana akichuma chai, na kuanzia siku hiyo mpira ukimjia miguuni aliupita kama jiwe.

Mimi nilichaguliwa Kaaga, katika mechi ya majaribio, na ninasema bila haya kwamba uwanja ule haujaona udakaji kama wangu. Nilikuwa nimekulia juu ya miti ya miraa. Mtu aliyezoea kurukia tawi lenye umande, chini yake kukiwa na mawe, atauogopaje mpira? Kocha alinishika bega akasema, "Wewe paka, Jumamosi mtu wetu atakuja kwenu." Alicheka, ila macho yake hayakucheka.

Habari ilinitangulia Kangeta. Watu walewale walioniambia sitaweza wakaanza kuleta vitu, maana watu wetu ndivyo walivyo: atakucheka mchana, na jioni akuazime koti. Kaberia aliniazima glavu zake za ngozi, zenye matundu ya cheche. "Zirudi na vidole vyote," akasema. "Vyake na vyako." Mama Nkirote wa mitumba akaniazima viatu vya njumu. "Sikupi, nakukopesha. Umeskia, muthaka?" Mchungaji akaleta sanduku lake la bati, akaliombea kwa muda mrefu kuliko alivyoniombea mimi. Kila kitu kilikuja na onyo lake. Nilivipanga vyote ndani ya nyumba yangu, na usingizi ukawa mgumu, kana kwamba nimelala katikati ya watu wanaonitazama.

Ndiyo, nyumba yangu. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, na hakuna aliyeiona. Desemba iliyotangulia nilikuwa nimetahiriwa. Kwetu, kijana akishatoka jandoni halali tena kwa mama yake wala hakanyagi jikoni kwake. Hujengewa kibanda chake, huitwa muthaka, yaani mwanaume, na wadogo humpisha njiani. Kumwita mtoto baada ya hapo ni tusi la kutozwa mbuzi. Mimi nilikuwa na kibanda kizuri kuliko vyote vya rika langu, na nilitembea nimevaa koti hata jua likiwaka.

Jumamosi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Nyambene na kukaa juu ya migomba. Gari liliingia bila kupiga honi. Mama alichungulia kutoka jikoni akasema, "Limekuja kimya sana hilo." Akashuka mtu mrefu mwenye suti ya kijivu, ambaye majirani walimbatiza Bwana Umri kabla hata hajaketi. Alikataa chai. Kwetu mgeni akikataa chai, wenyeji huanza kuhesabu makosa yao.

Aliangalia huku na huku. Akaona dada yangu akitoka jikoni na sahani ya githeri, akiniletea mlangoni kwangu. Akaona watoto wakinipisha.

"Hiyo nyumba ni ya nani?" akauliza.

"Ni yake!" Kaberia akadakia kwa fahari. "Ata iko na kufuli yake."

"Na hawa mbona wanampisha?"

"Heshima, mzee. Huyu sasa ni mwanaume kamili!" akasema Mama Nkirote, na wengine wakaitikia.

Kila neno walilosema kunisifu lilikuwa likinizika. Niliona jambo hilo, nikataka kupiga kelele, lakini muthaka hapigi kelele.

"Ana nyumba, ana kufuli, analetewa chakula," Bwana Umri akasema polepole. "Mke wake yuko wapi?"

Ndipo akamgeukia baba, mtu wa maneno machache. Wanaume wa rika lake walikuwa ndio hao wameketi kwenye benchi kando ya ghala. Baba ndiye waliyemtuma kila palipokuwa na mzozo wa shamba au mahari ya kujadiliwa, kwa sababu alichosema hakikurudiwa kuulizwa.

"Mzee, hadithi sitaki. Simama hapa uwaambie watu wako, kwa lugha yenu, kila mtu asikie. Huyu ni mtoto ama ni mtu mzima? Ukisema mtu mzima, mimi nawasha gari."

Ua ukanyamaza. Kutoka kwenye benchi sauti moja ikasema chini chini, "M'Ikiara, chunga mdomo." Vijana tuliotahiriwa pamoja walikuwa wameegemea ua, wakinitazama. Nilimwomba Mungu ili baba alitamke neno lile, mtoto, na kwa pumzi ileile nikaomba asilitamke. Nilimfikiria kijana wa Kibugu, nikajiuliza kama ua wao nao ulinyamaza hivi.

Baba alivua kofia. Akasema, kwa Kimeru kisicho na shaka, kwamba mimi ni mtoto. Hakutafuta neno laini. Alitumia lile tunalowaitia wanaolala jikoni na kufutwa kamasi. Bwana Umri, ambaye hakujua Kimeru, aliwatazama watu nyuso, akaona jinsi zilivyoanguka, akaridhika.

"Apande gari."

Vijana wa rika langu waligeuka wakaenda zao. Wanaume wa benchi waliweka chini vikombe ambavyo havijaisha. Mimi nilibeba sanduku la mchungaji nikampita baba bila kumpa mkono. Yeye alikuwa bado ameshika kofia.

Mechi unaijua hata nisipokusimulia. Tulicheza ugenini, mvua ikapiga, mpira ukawa kama sabuni, na glavu za Kaberia zikanywa maji. Niliokoa mabao ambayo wengine wangeyakimbia, lakini yaliyonipita yalitosha kuiacha rekodi yetu ilivyokuwa. Hata hivyo sikurudi kuchuma miraa. Kocha alinitafutia shule ya bweni, shule ikanipeleka chuoni, na chuo kikanipeleka ng'ambo, na popote nilipofika niliwaambia watu kwamba nimefika kwa mikono yangu miwili.

Nyumbani nilikuja mara chache. Miaka ilipita kabla mama hajaniambia kwamba mbuzi alichukuliwa jioni ileile, na kwamba tangu hapo wanaume walipita lango letu wakienda kwenye vikao bila kumwita baba. Walimwona kuwa mtu ambaye neno lake linaweza kugeuzwa na mgeni mwenye gari. Baba hakulalamika. Alikuwa akisikiliza mechi zangu redioni peke yake, kofia ikiwa gotini. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiamini kwamba siku ile ni mimi niliyeaibishwa.

Niliporudi kabisa niliandaa sherehe katika ua uleule, mahema yakafungwa, nikawaita wote walioniazima kitu. Kaberia alipata glavu mpya na jani la mgomba juu ya sahani. Alilitafuna kidogo akasema halijaiva. Mama Nkirote alipata viatu vipya vya dukani kwa ajili ya wajukuu wote. Mchungaji alipata sanduku la magurudumu, akaliombea. Watu walipiga makofi, na nilifurahia makofi hayo kama ninavyoyafurahia siku zote.

Kisha nikasimama pale baba aliposimama. Wazee wa benchi walikuwepo, wale waliosalia. Nikavua kofia, na kwa Kimeru, mbele ya rika langu na mbele ya wanafunzi wangu, nikasema kwamba mimi ni mtoto wa M'Ikiara. Nikatumia neno lile lile, la wanaofutwa kamasi.

Ua ulinyamaza kama ulivyonyamaza zamani, na nilihisi tena ule ukungu mgongoni. Mzee mmoja wa benchi alitazama chini. Baba aliitazama kofia iliyokuwa mkononi mwangu. Hatimaye akainua fimbo yake akaielekeza jikoni, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu Desemba ile.

"Kama wewe ni mtoto," akasema, "unangoja nini hapa na wazee? Nenda kwa mama yako ukapewe uji."

Nikainama chini ya mlango ule mfupi, na tai yangu shingoni, nikaingia.