Ufa wa Bomba la Olasiti

Kazi ya Elinipa ni kuangalia mabomba yanavyochoka. Ukimwambia hivyo mtu wa Njiro anakoishi, atakuuliza kama kweli analipwa. Lakini chuma huchoka, jamani. Kila kiwanda kinapowashwa bomba la mvuke hutanuka, kinapozimwa hunywea, na siku moja ufa hujitokeza. Yeye hupima na kuamua kama bomba bado linaweza kuishi nao.

Kiwanda kimoja cha Olasiti huchoma maranda ya mbao na kujifulia umeme. Bomba lake kuu lilikuwa na ufa wa milimita kumi na mbili. Elinipa alipiga hesabu, akaandika: unavumilika mpaka ishirini, ukizidi zima. Akachora alama nyeupe kila ncha, na tarehe. Mwaka mzima alirudi kila mwezi, akapima, akaandika neno lile lile: unavumilika. Mwezi uliopita ulifika kumi na nane. Chini ya bomba alikaa mzee Lesikar, mwangalizi wa valvu. Elinipa alimpa shikamoo yake, akaitikiwa, akaenda zake.

Mwezi huu alikuta bomba linang'aa kijani. Mgeni rasmi anakuja, na mgeni rasmi hapokelewi na kitu kisichopakwa rangi. Hata mawe ya bustani yalikuwa meupe. Sadoki, fundi wa rangi, alikuwa akitabasamu.

"Alama zako sijazipoteza, Mama Princess," alimwambia Elinipa. "Nimezirudishia na tarehe zake, na ufa wenyewe nimeuchora. Ila nimezisogeza katikati, zilikuwa zimekaa upande."

Elinipa aliinama kuutafuta ufa wenyewe. Kabla hajauona, meneja Philemoni alishafika na mgeni rasmi na umati nyuma yake. Akaupima kwa rula ufa wa Sadoki.

"Kumi na mbili," alitangaza kwenye kipaza sauti. "Ndugu mgeni rasmi, ufa umepungua."

Watu wakapiga makofi. Elinipa alitoa kisu, akakwangua rangi upande wa kulia, pale alipopajua. Ishirini na tatu.

"Funga, baba," alimwambia Lesikar.

"Tungoje basi ndafu ikatwe," Philemoni alinong'ona. Mbuzi mzima wa kuchoma alikuwa mezani, majani mdomoni, na ndiye pekee aliyekuwa ametulia.

Lesikar akafunga. Umeme ukakatika, na Philemoni akaendelea kushukuru bila sauti.

Mzee alibeba kiti chake mpaka nje, akakaa juani. Elinipa akamfuata.

"Zile alama nilijua ni za mafundi wa taa," alisema Lesikar. "Kumbe ufa ulikuwa juu ya kichwa changu?"

"Ndiyo, baba. Lakini hesabu zilisema unavumilika."

"Na mimi nilikuwemo kwenye hizo hesabu?"

Elinipa alifungua daftari, akapekua kurasa zote. Joto lilikuwemo, unene wa chuma ulikuwemo, na idadi ya mara ambazo kiwanda kiliwashwa. Lesikar hakuwemo.